Mahindi ya Kuuza Hupimwa, Mahindi ya Kula Hayapimwi



Ukitoka Babati mjini kwa barabara kuu ya kwenda Dodoma, utapita Bonga kabla hujaingia Bereko, wilayani Kondoa. Mwaka 2018 kilizinduliwa kipande cha lami cha kutoka Mela hadi Bonga, chenye urefu wa kilomita 88.8, na tangu wakati huo malori ya mahindi hayana tena kisingizio cha matope. Msimu wa mavuno hupita hapo usiku na mchana, mengine yakielekea Dodoma, mengine yakikata kaskazini kwenda Arusha na Namanga.

Julai moja, katika ua wa nyumba moja ya Bonga, nilimkuta bibi akichambua mahindi kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Mbele yake palikuwa na mafungu mawili. La kwanza lilikuwa la punje nzima, nyeupe, zilizojaa. La pili lilikuwa la punje zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu, na baadhi yake zilikuwa na vumbi la rangi ya kijani iliyochanganyika na njano.

"Bibi, hili la kwanza ndilo la chakula?" nikauliza.

Akacheka. "La kwanza ni la mnunuzi, mwalimu. Mnunuzi ana macho."

"Na hili la pili?"

"La pili ni letu, sisi na kuku."

Nikamwambia kwamba lina ukungu. Hakubisha. Aliendelea kupepeta, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto jambo lililo wazi: "Anachokikataa mnunuzi, mwanangu, njaa haikikatai."

Nimekaa na sentensi hiyo kwa muda mrefu. Imenifundisha kuhusu siasa ya chakula katika nchi yetu zaidi ya semina nyingi nilizohudhuria. Hoja ninayotaka kuijenga leo ni moja: nchi hii ina sayansi ya kutosha kuhusu sumu inayotokana na kuvu za mahindi, ina viwango, ina maabara, ina sheria; lakini vyote hivyo vimesimama upande wa mahindi yanayouzwa. Mahindi yanayoliwa na aliyeyalima hayana mlinzi. Na tunapoulizwa kwa nini, tunajibu kwamba mkulima hana elimu. Jibu hilo ni la uongo, na lina gharama inayolipwa na watoto.

Tuanze na sayansi yenyewe, kwa sababu asiyeijua atadanganywa kwa urahisi.

Lile vumbi la kijani kwenye ungo wa bibi ni spora. Spora ni chembe ndogo mno ambayo viumbe wa namna mbalimbali huitumia ili kusambaa au kusubiri. Ukigeuza jani la mmea wa jamii ya kangaga unaoota kwenye vivuli vya misitu ya milimani, mara nyingi utaona madoadoa ya kahawia yaliyopangwa kwa safu. Humo zimo spora ambazo upepo utazichukua, na kila itakayoangukia penye unyevu inaweza kuanzisha mmea mwingine. Bakteria wa kimeta naye hutengeneza spora, lakini kwa kusudi tofauti: bakteria mmoja hutengeneza spora moja, wala haongezeki idadi. Hujifungia humo kama mtu anayejifungia ndani wakati wa vita, na anaweza kukaa udongoni miaka mingi akisubiri ng'ombe atakayelisha juu yake. Robert Koch alieleza mzunguko huo mwaka 1876. Kisiwa cha Gruinard, huko Uskochi, ambako Waingereza walifanyia majaribio ya silaha ya kimeta mwaka 1942, hakikutangazwa kuwa salama hadi mwaka 1990.

Kuvu huchanganya werevu wa hao wawili: husambaa na pia husubiri. Kuvu iitwayo kitaalamu Aspergillus flavus huishi katika udongo wa mashamba yetu, kwenye mabua na magunzi yaliyobaki baada ya mavuno. Mahindi yanapochanua, spora zake hupeperushwa na upepo au kubebwa na wadudu hadi kwenye nywele za gunzi. Mvua ikikatika wakati huo na jua likawa kali, mmea hudhoofika, na kuvu hupata mwanya. Baadaye, punje zikivunwa mbichi, zikaanikwa juu ya udongo au kufungwa kwenye gunia kabla hazijakauka, kuvu huendelea na kazi yake ghalani. Njiani humo hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini, ambayo Kiswahili chetu kimeipa jina zuri la jumla: sumukuvu.

Zingatia mambo mawili hapa, maana ndiyo nguzo ya hoja yote.

Jambo la kwanza: sumu huweza kuanza shambani, kabla mkulima hajagusa hata gunzi moja. Anayesema kwamba tatizo ni wakulima kutojua kuanika amesoma nusu ya somo. Mkulima wa Bonga anaweza kuanika juu ya turubai, kupukuchua kwa uangalifu, kupima ukavu kwa chumvi ndani ya chupa kama alivyofundishwa na afisa ugani, na bado gunia lake likawa na sumu kwa sababu mvua ilikatika wakati mahindi yanachanua. Ukame hausikilizi mafunzo ya siku mbili.

Jambo la pili: spora na sumu ni vitu viwili. Moto wa jikoni huua kuvu na spora zake, lakini sumu iliyokwisha kuingia kwenye punje hubaki. Kusonga ugali hakuiondoi, wala kuchemsha uji. Kuchambua punje mbovu hupunguza sumu, na kukoboa pia hupunguza, lakini punje iliyo safi kwa macho yaweza kuwa nayo. Haina rangi wala harufu ya kumwonya mlaji. Ndiyo kusema kwamba macho ya mnunuzi, ambayo bibi aliyaheshimu sana, nayo hayatoshi. Sumu hii hujulikana kwa kipimo tu.

Na kipimo chenyewe ni kikali, kwa haki kabisa. Kiwango kinachotumika Afrika Mashariki kwa mahindi ni sehemu 10 za aflatoksini kwa bilioni, na kwa ile aina kali zaidi, B1, ni sehemu 5. Tuyaweke maneno hayo kwenye gunia. Gunia la kilo 100 huvuka kiwango pindi linapobeba zaidi ya miligramu 1 ya sumu iliyosambaa ndani yake. Punje moja ya mchele ina uzito unaozidi huo mara nyingi. Nani, kwa ungo na macho, ataiona miligramu moja ndani ya kilo mia?

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, pamoja na moshi wa sigara. Huharibu ini. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B akila sumu hii kwa muda mrefu, hatari ya saratani ya ini huwa kubwa kuliko jumla ya hatari hizo mbili zikiwa mbalimbali. Hiyo ndiyo sumu inayoua polepole. Ipo pia inayoua haraka, na hiyo tumeiona.

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kuugua ugonjwa ambao mwanzoni uliitwa usiojulikana. Macho yalikuwa ya njano, matumbo yalivimba, wagonjwa walitapika. Walioripotiwa kuugua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Uchunguzi ulipokamilika, mkosaji alikuwa ndani ya vihenge: mahindi ya nyumbani yenye aflatoksini nyingi kupita kiasi. Chemba na Kondoa zimo katika orodha ya wilaya zilizoguswa, na Kiteto, ambayo ni ya mkoa wetu wa Manyara, imo pia. Kondoa inapakana na Babati. Anayesimama Bonga na kutazama kusini hatazami nchi ya mbali.

Wala hatuwezi kusema kwamba hatukuonywa. Mwaka 2004, miaka kumi na miwili kabla, jirani zetu wa Kenya walihesabu wagonjwa 317 na vifo 125, wengi wao katika Makueni na Kitui. Walikuwa watu wa aina ileile, wakila mahindi yaleyale: ya shambani kwao, yaliyohifadhiwa nyumbani, ambayo hayakuwahi kupita mbele ya mpimaji yeyote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa ki ghalani mwako.

Sasa linganisha na tukio lingine. Tarehe 5 Machi 2021, mamlaka ya kilimo ya Kenya ilitangaza kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Mtakumbuka kishindo chake. Malori yalipanga foleni Namanga. Magazeti yaliandika kila siku. Waziri wetu wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, alilazimika kuzungumza. Baada ya siku chache marufuku ikalegezwa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na shehena iambatane na cheti kinachoonyesha kwamba haivuki sehemu 10 kwa bilioni.

Sina ugomvi na masharti hayo. Mkenya ana haki ya kula chakula salama. Ninachouliza ni hiki: cheti kile kinamlinda nani? Kinamlinda mlaji wa Nairobi. Shehena inayokataliwa mpakani haiyeyuki hewani; hurudi. Na ikirudi, huuzwa wapi, na kuliwa na nani? Mpaka ukishakuwa mahali pekee ambapo mahindi hupimwa kwa uhakika, mpaka huo hugeuka chujio: safi hupita, chafu hubaki nyumbani. Tunafanya kitaifa kilekile anachokifanya bibi wa Bonga kwenye ungo wake, ila yeye hufanya kwa sababu hana chaguo.

Miaka michache iliyopita, Babati ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyojengewa vihenge vya kisasa vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, kwa mkopo kutoka Poland. Ni jambo jema. Mahindi ya akiba ya taifa yanastahili hifadhi kavu. Lakini fikiria mtoto wa Bonga anayepita na kuyaona majengo hayo yanayometa kisha anarudi kwao kunywa uji wa fungu la pili. Nafaka ya taifa imepata nyumba nzuri. Nafaka ya mwananchi bado iko chini ya kitanda.

Watetezi wa mpango uliopo wana majibu matatu, nami nitayatendea haki kwa kuyajibu moja moja.

La kwanza husema: tatizo ni elimu, wakulima wakielimishwa, sumukuvu itakwisha. Siidharau elimu. Majaribio yaliyofanywa katika vijiji vya Rombo yameonyesha kwamba kuchambua kwa mkono, kuanika juu ya mkeka na kuhifadhi vizuri hupunguza sumu katika mahindi. Lakini tazameni elimu hiyo inamtaka mkulima afanye nini. Inamtaka atupe sehemu ya mavuno yake, bila fidia, kwa sababu ya sumu asiyoiona, ambayo hakuna aliyempimia, katika mwaka ambao huenda mavuno yenyewe hayafiki Januari. Bibi wa Bonga hakukosa elimu. Alijua lipi ni fungu zuri na lipi ni baya, tena alilitenga kwa ustadi. Alichokosa ni gunia jingine.

Linganisha na tunavyoshughulikia kimeta, ugonjwa ule wa spora za bakteria niliokwisha kuutaja. Ng'ombe akifa ghafla na damu ikimtoka puani, mfugaji haambiwi tu ajielimishe. Idara ya mifugo huitwa, mzoga huzikwa au kuchomwa, eneo huwekwa karantini, ng'ombe waliobaki huchanjwa. Hatua hizo huchelewa mara nyingi, lakini kimsingi zinakubaliwa kuwa ni wajibu wa umma, kwa sababu kila mtu anaelewa kwamba mfugaji mmoja hawezi kupambana na spora iliyomo udongoni. Kwa nini spora ya udongo wa malisho iwe shughuli ya serikali, na spora ya udongo wa shamba la mahindi iwe kosa la mama mwenye shamba?

Jibu la pili husema: jambo hili likitangazwa sana, tutaua soko letu wenyewe na kuzusha taharuki. Nimelisikia likisemwa na watu ninaowaheshimu, ndani ya kumbi zenye viyoyozi, kwa sauti ya chini. Nami nawauliza: mwaka 2021 soko liliathirika kwa sababu tulisema sana, au kwa sababu tulinyamaza mpaka aliyepima akawa mwingine? Novemba 2019, shirika la viwango la Kenya lilisimamisha hadharani chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini. Kenya haikuacha kula ugali. Walaji walijua wanunue nini na waache nini. Mficha maradhi, kilio humwumbua. Na sisi kilio tumekwisha kukisikia mwaka 2016.

Jibu la tatu ndilo zito kuliko yote: kupima ni ghali, na nchi ni maskini. Ni kweli kwamba huwezi kupeleka kila debe maabara. Sumu hii haikai sawasawa ndani ya gunia. Inaweza kujikusanya katika punje chache, kiasi kwamba sampuli iliyochukuliwa ovyo hudanganya. Lakini hakuna anayedai kila debe lipimwe. Ninachodai ni kwamba tupime pale ambapo mahindi ya kula hukusanyika. Na mahali hapo papo, tena chini ya mamlaka ya umma: shuleni. Kote nchini wazazi huchangia mahindi kwa ajili ya chakula cha mchana cha wanafunzi. Serikali huwahimiza wachange, na watendaji huwafuatilia wasiochanga. Mahindi ya kaya mia mbili humwagwa katika stoo moja, hupikwa katika sufuria moja, huliwa na watoto mia kadhaa. Kama kuna stoo moja katika kata ambayo lazima ipimwe, ni hiyo. Tunapomdai mzazi debe la mahindi bila kumwambia mahindi hayo yana nini, tumeshiriki katika kumlisha mwanawe.

Nami simo nje ya lawama. Sisi wa vyuo vikuu tuna sehemu yetu, na si ndogo.

Utafiti umefanywa. Wataalamu wetu, wakiwamo wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, wameandika kwa miaka mingi juu ya sumukuvu katika vyakula vya watoto. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia watoto wachanga 166 katika vijiji vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro. Damu zao zilionyesha aflatoksini, na kiasi chake kilipanda kadiri miezi ilivyokwenda na uji wa mahindi ulivyozidi kuchukua nafasi ya maziwa ya mama. Utafiti huohuo ulikuta kwamba watoto walioathiriwa zaidi na sumukuvu nyingine ya mahindi, fumonisini, walikuwa wamedumaa zaidi.

Dawa nayo imetafutwa, na imepatikana ndani ya udongo wetu wenyewe. Si kila Aspergillus flavus hutengeneza sumu. Zipo koo zake zisizo na uwezo huo. Watafiti wa IITA na wenzao wa hapa nchini walizikusanya koo hizo kutoka katika nafaka na udongo wa Tanzania, wakachagua zilizo bora, wakazipaka spora zake kwenye punje za mtama zilizouawa ili zisiote. Bidhaa hiyo, Aflasafe TZ01, ilisajiliwa mwaka 2018. Mkulima huinyunyiza shambani wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua, kilo nne kwa ekari. Kuvu isiyo na sumu huota juu ya mtama, hutoa spora zake kwa wingi, na kuikalia nafasi ambayo ingechukuliwa na ile yenye sumu. Katika majaribio, sumu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Spora kwa spora: ni ushindi mzuri wa sayansi, na kwa hakika ni jibu kwa lile tatizo linaloanzia shambani, ambalo elimu ya kuanika haiwezi kulifikia.

Je, bibi wa Bonga anaijua Aflasafe? Hapana. Na hata angeijua, angeinunua kwa nini, ikiwa mnunuzi anayekuja na lori humlipa bei moja kwa mahindi yenye sumu na yasiyo na sumu? Huko Nigeria, mradi wa AgResults ulitoa malipo ya ziada kwa kila tani ya mahindi yaliyolimwa kwa Aflasafe, na wakulima wakaipokea kwa maelfu. Mkulima si mjinga; husoma bei vizuri kuliko sisi tunavyosoma majarida.

Na majarida ndiyo aibu yetu. Tumechukua mahindi, tumechukua maziwa ya mama, tumechukua damu ya watoto. Tumeandika kwa Kiingereza, tumepanda vyeo. Nimewahi kusimamia kazi ya mwanafunzi aliyekusanya sampuli za nafaka katika kaya kadhaa. Alihitimu kwa alama nzuri, nami nikampongeza, na hakuna kati yetu aliyerudi kuziambia kaya zile matokeo yao. Wakati ule halikunijia akilini kwamba hilo ni kosa. Leo naliona kuwa ni kosa lilelile la cheti cha mpakani: maarifa yanayovuka kwenda kwa mwingine na kumruka aliyeyatoa.

Tumeongeza kosa juu ya kosa kwa kuuacha utafiti huu utegemee mifuko ya wengine. Kwa takriban muongo mmoja Babati ilikuwa uwanja wa mradi wa Africa RISING, uliogharimiwa na Wamarekani kupitia USAID. Ulifanya kazi nyingi nzuri vijijini. Katikati ya mwaka 2025 USAID yenyewe ikafikia mwisho. Mradi una tarehe ya kufungwa. Spora haina.

Basi, kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, na najua mnasoma, haya ndiyo madai.

Kwanza, mahindi ya shule yapimwe kabla ya kupikwa, kila msimu, katika kila kata, kuanzia mikoa iliyoguswa mwaka 2016. Yatakayokutwa na sumu yabadilishwe kwa mahindi salama kutoka hifadhi ya taifa, asidaiwe mzazi debe la pili.

Pili, kila msimu zichukuliwe sampuli za mahindi ya nyumbani, na matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji na kubandikwa ofisi ya mtendaji. Tangu Julai 2019, jukumu la usalama wa chakula lilipohamishwa kutoka TFDA kwenda Shirika la Viwango, shirika hilo limejulikana zaidi kwa bidhaa za dukani. Lakini sheria haisemi kwamba chakula ni kile tu chenye lebo.

Tatu, ruzuku. Msimu wa 2022/2023 serikali ilirejesha ruzuku ya mbolea, na ilifanya vyema. Mbolea huongeza magunia. Kitu kinachofanya magunia hayo yasiue nacho kina haki ya ruzuku.

Nne, bei. Wakala wa hifadhi, ambaye ni mnunuzi mkubwa wa umma, atangaze bei ya ziada kwa mahindi yaliyopimwa na kukutwa safi. Siku mkulima atakapolipwa kwa usafi, hatahitaji kuhubiriwa usafi.

Na kwenu wanafunzi, dai ni dogo, tena haligharimu fedha nyingi: msikubali kuandika tasnifu juu ya chakula cha watu ambao hamtarudi kuwaeleza mlichokikuta. Rudini. Waelezeni kwa Kiswahili, na panapohitajika mpate mkalimani wa Kigorowa, Kiiraqw au Kirangi. Msimamizi akisema hilo si sehemu ya utafiti, mwonyesheni makala haya.

Nilipoondoka Bonga siku ile, bibi alinifungia mahindi kidogo kwenye mfuko, kama ilivyo ada ya watu wa huko kwa mgeni. Nilipofika nyumbani niliufungua. Alikuwa amenipa ya fungu la kwanza.